Tulianza Tukiwa Wangapi?

Mhadhara kwa wahitimu wa kidato cha nne, wazazi na walimu wa shule ya kata, jioni ya kuamkia mahafali

 

Mkuu wa shule aliponialika alinitaka nizungumzie miaka minne ya sekondari na namna kidato kinavyoikumbuka siku ya kuagana. Nikamwambia kwamba jambo hilo lina maandiko yake tayari, nayo ni risala. Nilifundisha Historia na Kiswahili kwa miaka 31, katika shule nne, na kote huko nilipewa kazi ya kulea kamati ya risala. Kila Septemba niliketi na vijana watatu au wanne kwenye stoo ya vitabu, karatasi zao za daftari zikiwa zimechanwa katikati, tukaandika tukafuta. Usiku huu nitazungumzia risala, na ndani ya risala nitakaa zaidi kwenye sentensi moja.

Mnaijua sentensi hiyo. Hukaa aya ya pili, mara baada ya salamu kwa mgeni rasmi. "Tulianza kidato cha kwanza tukiwa wanafunzi 143, wavulana 68 na wasichana 75. Leo tunahitimu tukiwa 89, wavulana 47 na wasichana 42. Wenzetu wengine hatunao kutokana na sababu mbalimbali." Hapo msomaji anavuta pumzi, anageuza karatasi, anaingia kwenye mafanikio ya shule.

Namba hizo ni za mfano. Kesho zitasomwa za kwenu. Lakini fanyeni hesabu ya kutoa, kwa sababu risala haiifanyi. Katika mfano huu ni watoto 54. Wanapita mbele yetu kwa pumzi moja, na maneno mawili ndiyo yanayowabeba: sababu mbalimbali. Nimewaangalia wazazi usoni mara nyingi sentensi hiyo inaposomwa, na sikumbuki kumwona aliyeshtuka. Basi likipinduka na abiria 54 wasijulikane walipo, nchi itasimama. Hapa tunasubiri aya ya tatu.

Maneno hayo mawili ni yangu. Niliyakuta, sikuyabuni, lakini katika karatasi nyingi zilizopita mkononi mwangu ni mimi niliyeyaandika, kwa kalamu nyekundu, juu ya maneno ya watoto niliyoyakata. Karatasi moja sijaisahau. Msichana mmoja alikuwa ameandika kwamba wenzao saba waliacha shule kwa sababu shule ni mbali, bodaboda wanatoa lifti, na lifti ina bei yake. Nikasoma mara mbili. Nikamwambia: mwanangu, mgeni rasmi atakuwepo, wazazi watakuwepo, hii si lugha ya risala. Akaniuliza, "Mwalimu, lugha ya risala ni ipi?" Nikamwandikia pale pale: sababu mbalimbali. Akaenda kunakili upya ukurasa mzima, maana tulikuwa tumewafundisha kwamba risala haitakiwi kuonyesha sehemu iliyokatwa.

Sentensi yake ilikuwa na umbali, bodaboda, lifti na bei. Yangu haikuwa na kitu ndani. Na mgeni rasmi wa mwaka ule, ambaye huenda angeweza kufanya jambo kuhusu umbali, aliahidi mifuko ya saruji kwa ajili ya uzio, kwa sababu uzio ndio tuliomwomba.

Turudi nyuma kidogo kwenye maneno risala, mahafali na kuhitimu, kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili na siwezi kupita hapa bila kusimama. Risala ni ujumbe unaopelekwa kwa mtu. Mahafali, huko lilikotoka katika Kiarabu, ni mikusanyiko. Na kuhitimu? Pwani walikuwa wanahitimu kabla serikali haijajenga shule hata moja: mtoto wa chuoni alipoumaliza msahafu, alihitimu, na kwao kulikuwa na shughuli siku hiyo. Neno hilo lina ndugu yake, hitima, kile kisomo anachosomewa marehemu. Yote mawili yanatoka shina moja lenye maana ya kukamilisha, kutia muhuri. Kwa hiyo lugha ilikwisha kuweka karibu karibu furaha ya anayemaliza na wajibu wa kumtaja asiyekuwepo. Sisi wa shule ndio tuliochukua nusu ya kwanza tukaiacha ya pili.

Liko jambo jingine kuhusu mahafali yetu ambalo tumelizoea hata hatulioni. Tunayafanya kabla ya mtihani. Kidato cha nne wanaagana Septemba au Oktoba na mtihani wa taifa unakuja Novemba. Kidato cha sita wanaagana miezi ya mwanzo wa mwaka, kisha wanafanya mtihani Mei. Wapo wanaolalamika kwamba tunasherehekea mavuno kabla ya kupalilia. Nimewahi kulisema hilo mwenyewe nikiwa kijana. Leo naona kwamba hii ni moja ya bahati chache tulizonazo. Usiku huu hakuna aliye na divisheni. Mwanzoni mwa mwaka ujao Baraza la Mitihani litatoa matokeo, na kuanzia saa hiyo hakuna atakayekumbuka shule bila kuikumbuka kupitia matokeo yake. Aliyefaulu ataona kwamba kukesha kwake na kibatari ndiko kulikomfikisha. Aliyeshindwa ataanza kuona aibu hata katika siku alizokuwa na furaha.

Niliyaona haya kwa macho yangu kwa waliofanya mtihani wa 2012. Matokeo yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa wamepata sifuri. Serikali iliunda tume, na Mei matokeo yakapangwa upya, wengine wakapanda. Lakini katikati ya Februari na Mei kulikuwa na miezi mitatu, na katika miezi hiyo nilikutana na vijana wangu njiani wakavuka barabara ili wasinisalimie. Vijana wale wale Oktoba walikuwa wameimba ngonjera mbele ya bwalo mpaka mama zao wakalia. Miaka yao minne haikuwa imebadilika hata siku moja. Kilichobadilika ni karatasi iliyobandikwa ubaoni. Mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, na mimi nilishukuru, ingawa najua kwamba watu bado wanapanga orodha zao wenyewe majumbani.

Basi kabla karatasi hiyo haijatoka, kidato kinakumbuka nini?

Nilikuwa na desturi ya kuwaambia wanakamati waandike kwanza bila kufikiria mgeni rasmi, kila mtu ukurasa mmoja, halafu ndipo tuandike risala. Kurasa zile nilizisoma kwa hamu kuliko insha zozote. Hakuna hata mmoja aliyeanza na uzio. Waliandika juu ya ukoko wa makande na jinsi wapishi walivyomchagua kila siku mtoto mmoja wa kupewa. Waliandika siku ya kwanza, wamebeba ndoo, jembe na fagio la chelewa kama fomu ya kujiunga ilivyoagiza, na jinsi kaka wa kidato cha tatu alivyochukua jembe zuri akaacha bovu. Mvua inayopiga bati mpaka mwalimu anaacha kusema, anaketi mezani, na darasa zima linabaki likitazamana. Majina ya utani ya walimu, likiwemo langu ambalo sikulijua mpaka nilipolisoma hapo. Mtihani wa utamilifu na karatasi zilizochelewa kutoka wilayani. Jirani wa dawati aliyekuwa na kalamu mbili.

Na karibu kila ukurasa ulikuwa na ukimya. Hili naomba walimu walisikie vizuri. Mtoto wa darasa la saba anayefundishwa kwa Kiswahili ni msemaji. Anabisha, anauliza, anasimulia. Desemba anakwenda likizo, Januari anaingia kidato cha kwanza na karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili yanamgeukia Kiingereza. Ananyamaza. Tunampa wiki chache za kozi ya awali, kisha tunaendelea kama vile amevuka. Kijana mmoja aliandika kwamba alikaa kidato cha kwanza chote bila kuuliza swali, na kwamba swali la kwanza alilouliza, kidato cha pili, alikuwa amelifanyia mazoezi akichunga ng'ombe. Nilikuwa nimemfundisha Historia mwaka ule mzima. Katika ripoti yake nilikuwa nimeandika: mtulivu.

Ninyi mnaohitimu kesho mna kumbukumbu zenu ambazo hakuna kidato kingine kilicho nazo. Mlikuwa darasa la sita shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, mkarudi mwishoni mwa Juni. Mliingia hapa Januari 2022, katika madarasa yaliyotoka kumalizwa kwa fedha za mpango wa UVIKO-19. Nchi nzima yalijengwa 12,000 ya sekondari kwa miezi michache, na wazazi wengi mliopo hapa mlibeba maji na mchanga. Mmoja wenu ameniambia kwamba harufu ya rangi mbichi bado inamrudisha siku ile. Kabla yenu, watoto waliofaulu walikuwa wanasubiri chaguo la pili kwa sababu hapakuwa na pa kukaa. Ninyi mliingia wote kwa siku moja. Ndiyo maana hesabu yenu ya kuanza ilikuwa kubwa, na ndiyo maana hesabu ya kutoa nayo inauma zaidi.

Sasa tuzifungue sababu mbalimbali. Sitazimaliza.

Baadhi hazina ubaya. Mtoto anahamia Mwanza kwa shangazi yake, anaendelea huko. Mwingine hafikii kiwango cha mtihani wa kidato cha pili, anakariri, anahitimu mwaka unaofuata na kidato kingine. Huyo hajapotea, ila hakuna kidato kinachomhesabu kuwa wake, na nimewahi kumwona kijana wa namna hiyo akisimama nje ya bwalo siku wenzake wa kwanza wanaagana, akishika nguzo.

Umbali ni sababu. Ada ya shule za serikali kwa kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, nami nasema kwa moyo wote kwamba lilikuwa jambo kubwa; shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa iliwahi kuwafungia mlango watoto niliowajua kwa majina. Lakini ada haitembei kilomita nane. Anayekaa mbali anaondoka giza, anarudi giza, au anapanga geto karibu na shule, chumba kimoja na wenzake wawili, akiwa na umri wa miaka 15, bila mtu mzima. Wazazi tunalipa kodi ya geto tukijua tumemlipia mtoto karibu na elimu. Tumemlipia pia upweke, na njaa ya mwisho wa wiki unga unapokwisha, na mtu wa kugonga dirisha.

Ndipo mimba inapoingia. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu kufukuzwa wanafunzi zilitaja kuoa, kuolewa na kosa dhidi ya maadili kuwa sababu za kufukuza, na mimba tuliihesabu humo. Wasichana walipangwa foleni wakapimwa. Nilikuwepo. Aliyekutwa nayo aliondoka siku ile ile na sare mwilini, kwa sababu hakuwa na nguo nyingine shuleni. Novemba 2021 wizara ilitoa waraka unaowaruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi katika shule za kawaida. Ninyi mliingia miezi miwili baadaye, na kidato chenu ni cha kwanza kusoma miaka yote minne chini ya waraka huo. Je, waliorudi ni wangapi? Waraka unafungua geti, na anayetakiwa kupita ana mtoto wa kumwachia mtu, ana mama aliyekasirika, ana wenzake watakaomwita mama fulani. Sisi walimu na wazazi tumefanya nini ili apite?

Na kuna mtu mwingine anayejificha ndani ya maneno yangu mawili. Tangu marekebisho ya 2016, sheria inampa miaka 30 jela anayempa mwanafunzi mimba. Risala inaposema sababu mbalimbali, yeye anaketi kwa amani. Wakati mwingine anaketi mstari wa mbele. Kwa miaka yote ile kalamu yangu nyekundu ilidhani inamsitiri msichana. Msichana kijiji kizima kilikuwa kinamjua. Niliyekuwa namsitiri ni huyu.

Kwa wavulana sababu zina majina mengine. Machimbo ya dhahabu, uvuvi wa dagaa, ng'ombe wa mjomba, msimu wa pamba. Mvulana anakosa Jumatatu, anakosa wiki, anarudi na viatu vipya, na wenzake wanaviangalia. Mara ya tatu harudi. Hatumwiti aliyefukuzwa wala aliyeacha. Tunamwita mtoro, na neno hilo linatosha kuufunga mjadala. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba watoro wengi walikuwa wamepewa nyumba ya kulisha.

Wapo pia waliofariki. Hao risala huwataja, na huombwa dakika moja ya kusimama. Hiyo ndiyo desturi yetu nzuri, na ningependa tujiulize kwa nini aliyefariki anasimamiwa dakika moja ilhali aliye hai, kilomita tano kutoka hapa, hatajwi.

Hata Baraza la Mitihani, kwa namna yake, linawataja baadhi. Fungueni matokeo ya shule yoyote: kila mtahiniwa ana namba, na mbele ya namba nyingine hakuna alama za masomo, kuna herufi tatu, ABS, yaani alisajiliwa lakini hakufika. Mtoto aliyesajiliwa mwanzoni mwa kidato cha nne akaacha kabla ya Novemba anabaki pale, namba yake ikiwa katikati ya namba za wenzake, nafasi yake haijafungwa. Orodha ile kavu huwa inanigusa. Imemshikia kiti.

Mtaniuliza kwa nini nahangaika na hotuba ya dakika kumi na tano. Nitawajibu kwa historia, somo langu. Shule kongwe zina watu wa kuzikumbuka. Tabora ilimsomesha Mwalimu Nyerere, na Pugu ndiko alikofundisha; waliopita huko wakaandika vitabu, wakaandikwa, wakaunda vyama vya waliosoma pamoja. Shule kama hii ni za juzi. Mwaka 2005 sekondari zote nchini zilikuwa chini ya 2,000. Mwaka 2009 zilikuwa zimepita 4,000, na nyingi kati ya hizo mpya ni za kata, zilizojengwa kwa tofali za wananchi. Hizi ndizo zilizobeba watoto wengi wa nchi hii, na hakuna aliyeziandikia kitabu. Kumbukumbu pekee ambayo kidato cha shule ya kata kinaandika chenyewe, kwa mkono wake, ni risala. Inasomwa mara moja, inakabidhiwa kwa mgeni rasmi ikiwa ndani ya bahasha, na bahasha inaachwa kwenye kiti cha gari. Ikiwa hapo ndipo tunapoandika nani alikuwa nasi, basi tuandike.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, moja ya malalamiko yake makubwa ni kwamba shule zetu zilipangwa kwa ajili ya wachache watakaoendelea, na walio wengi wakafundishwa kujiona wameshindwa. Siku hizi tumepanua mlango sana. Lakini hesabu ya wanaohesabiwa kuwa wenye shule hatujaipanua kiasi hicho.

Kilichonigeuza mimi si kitabu. Nilipanda bodaboda stendi, mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Dereva aliniamkia kwa jina la utani, lile nililolijua kwenye kurasa za wanakamati, akaomba radhi, akacheka. Njiani akawa ananieleza habari za darasa. Fulani yuko Dodoma. Fulani ni nesi. Fulani anaumwa, tunachangishana. Akasema, "Sisi tuliohitimu 2014." Nikajaribu kumkumbuka kwenye bwalo siku ya mahafali, nikashindwa. Tulipofika nikamuuliza alikuwa mkondo gani. Akasema alikuwa B, dawati la dirishani, ila aliacha kidato cha pili baba yake alipoanguka mgodini. Kisha akaniuliza, "Hivi, risala ilisomwa na nani?"

Alikuwa anasema tuliohitimu. Miaka yote hiyo amekuwa akichangia wagonjwa wa darasa ambalo risala yake, niliyoisahihisha mimi, ilimwondoa kwa hesabu ya kutoa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikwenda kwenye kabati la ofisi nikatafuta daftari la mahudhurio la kidato cha kwanza cha wale waliokuwa wanahitimu. Jalada lilikuwa limeliwa na mchwa upande mmoja. Kuondoka kwa mtoto huonekana humo waziwazi. Vyema, vyema, vyema; sifuri moja ya Ijumaa, siku ya gulio; sifuri mbili; wiki nzima ya sifuri; vyema tatu, alijaribu; kisha mwezi mweupe, na mwalimu wa darasa anapitisha mstari mwekundu kwa rula. Mistari mingine ilikuwa ya mkono wangu.

Tukakubaliana na kidato kwamba badala ya kusoma sentensi ya sababu mbalimbali, kiranja mkuu asome majina yote ya daftari la kwanza, na kila aliyepo ajibu kama darasani. Akasoma. "Nipo." "Nipo." Akafika kwa asiyekuwepo, bwalo likatulia, halafu huko nyuma sauti ya mama ikasema, "Yupo Kahama." Baada ya hapo watu hawakusubiri tena. Yupo Geita machimboni. Yuko Maswa, ameolewa. Yupo, anasoma ushonaji. Karibu na tangi la maji msichana mwenye mtoto mgongoni aliitika mwenyewe, "Nipo," kwa sauti ile ile ya asubuhi za zamani, na darasa likageuka lote. Kiranja alipofika kwenye jina la kijana aliyefariki kidato cha pili hakulisoma mara mbili kama mengine yasiyoitikiwa. Alingoja kidogo, akaendelea. Sikuwa nimemwelekeza.

Lakini mzee mmoja aliinuka jina la binti yake lilipotajwa akatoka nje. Kesho yake asubuhi alikuja kwangu. Hakukaa. Akaniuliza, "Mwalimu, nani alikutuma?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimekwenda kwake kuuliza. Nilikuwa nimetoka kwenye kosa la kuwaficha watoto bila ruhusa ya mtu, nikaingia kwenye kosa la kuwatangaza bila ruhusa ya mtu. Nilimwomba radhi. Mpaka leo tukikutana tunasalimiana tu, na ana haki.

Ndiyo maana safari hii imekuwa tofauti, na kazi si yangu. Kwa wiki tatu wahitimu hawa, wakiwa na mtihani mbele yao, wamekwenda vijijini wawili wawili, nyumba kwa nyumba, kuuliza familia kama jina lisomwe na lisomweje. Wazazi wengine waliwapa uji, wengine waliwafukuza, mmoja aliwaonyesha daftari za mwanawe alizozihifadhi kwenye sanduku. Familia mbili zimeomba jina lisitajwe, na halitatajwa. Kijana mmoja ametuma ujumbe kutoka mwaloni kwamba asomewe na aitikiwe na rafiki yake, aliyekaa naye dawati moja. Na wale wanaotaka kurudi masomoni wameambiwa wamwone makamu mkuu wa shule, au wajiandikishe kwenye kituo cha elimu ya watu wazima wafanye mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Yuko mwalimu hapa mwenye fomu.

Kesho, mbele ya mgeni rasmi, risala itakuwa na namba, na muda wa ratiba ni mfupi. Majina tumeona tuyasome leo, tukiwa wenyewe.

Daftari hizi mbili mezani ni za kidato cha kwanza A na B, Januari 2022. Naona huko nyuma mlangoni kuna waliokuja wamesimama. Msisimame huko, wanangu, viti vipo mbele, sogeeni mkae na wenzenu. Mama, mtoto huyo mpe bibi yake amshike, njoo. Kiranja mkuu, karibu. Anza na A.